Pak Kasiyat na Tangi Jekundu Lililokataa Kunyooka

Kesho Jumatano, tarehe 30 Aprili 2025, Pak Kasiyat anastaafu baada ya kutumikia karakana yetu ya Sumber Waluyo, barabara ya Kediri, nje kidogo ya mji wa Blitar, kwa miaka thelathini na minane. Aliingia mwaka 1987 akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ana suruali moja na nyundo mbili. Anatoka akiwa na miaka sitini, wajukuu wanne na nyundo zile zile mbili. Suruali tunaamini alibadilisha.

Wasifu huu nimeandika mimi, Winarsih, ninayekaa mezani na kupokea wateja. Nimepewa kazi hii kwa sababu Bu Romlah, mwenye karakana, anaamini kila anayeshika kalamu ni mwandishi. Aliniambia, "Win, ukurasa mmoja tu. Uchangamshe watu. Usije ukawaliza kabla ya chakula." Bu, ukurasa mmoja umenishinda. Na hilo la kuliza watu, siahidi.

Kwa mlioajiriwa juzi na mnaodhani mambo yalianza mlipofika: Pak Kasiyat alifunzwa kazi kwa namna ya Blitar. Mteja analeta gari au pikipiki iliyobonyea, anaiacha, mlango unafungwa. Nyundo zinasikika. Mlango unafunguliwa, bati limenyooka kama lilivyotoka kiwandani. Kuchungulia ni marufuku. Watu wa mbali wanasema tunafuga majini humo ndani. Bu Romlah hajawahi kukubali wala kukanusha, maana maneno hayo yanaleta wateja kuliko bango.

Mimi nasema nilichokiona. Yu Pinah ana kibanda cha kahawa mbele ya geti letu, na Pak Kasiyat hunywa kwake kahawa nyeusi bilauri tano kwa siku. Si mara moja wala mbili nimetoka nje nikamkuta amekaa pale kwenye benchi, mguu juu ya mguu, anapuliza kahawa yake, na huku nyuma yangu, ndani ya chumba kilichofungwa kwa ufunguo ambao uko mfukoni mwake, nyundo zinagonga. Mara ya kwanza nilimwuliza, "Pak, ndani kuna nani?" Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeulizwa na mtoto kwa nini maji ni majimaji. "Kazi inaendelea," akasema. Yu Pinah akaniongezea, "Wewe kunywa kahawa, acha maswali. Mimi niliuliza mwaka tisini na mbili, hadi leo silali chali."

Yuko pia yule sajini mstaafu wa Srengat, aliyejiona yeye ni serikali na kwa hiyo marufuku haimhusu. Akaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Alimwona Pak Kasiyat amelala kwenye mkeka, mkono juu ya macho, anakoroma. Hatua tatu kutoka mkekani, nyundo zilikuwa zinalia juu ya tangi la pikipiki yake, tena kwa mpangilio mzuri. Sajini alilipa bila kudai chenji. Tangu hapo kila msimu anatuletea kikapu cha shokishoki, anakiweka getini, anapiga honi, anaondoka. Hajaingia ndani tena. Pak Kasiyat alipoelezwa alisema tu, "Nilikuwa naiwaza kazi."

Magari anayaweza, lakini sifa yake ni matangi ya mafuta. Na tangi, ndugu zangu, ni kazi ya mtu mvumilivu. Mlango wa gari utaugonga kwa ndani na kwa nje. Tangi lina tundu moja tu, pale pa kutilia petroli, na kibonyeo huwa mahali ambapo mkono haufiki. Kwanza humwaga petroli yote, huliosha tangi kwa maji mara tatu, kwa sababu anapenda nyusi zake. Halafu hulijaza maji, huligonga kwa ukucha na kulisikiliza, sikio limeshikana na bati, dakika kumi, ishirini. Halafu huingiza vyuma. Anavyo vyuma kumi na viwili alivyovikunja mwenyewe, kila kimoja na kona yake, na kila kimoja amekipa jina la shemeji yake mmoja, kwa sababu, anasema, hakuna kosa lililojificha ambalo hawa hawatalifikia.

Puti hakuwahi kuigusa. Karakana nyingine hujaza shimo kwa puti, wakapiga msasa na rangi, mteja akaondoka anacheka. Pak Kasiyat akiletewa tangi lenye puti ya watu huibandua yote akitukana taratibu. "Huyu amempaka mtu uongo akampigia na rangi juu," anasema. Maneno hayo nimeyasikia nikiwa mezani kwangu kwa miaka kumi na saba. Mtaona kwa nini yananichoma.

Alikuwa pia anasoma vibonyeo. Hiki ni cha geti. Hiki ni cha mbuzi. Hiki duriani limeanguka, angalia vitundu vyake. Kuna mwalimu mmoja alileta tangi akidai ameanguka kwenye utelezi. Pak Kasiyat akapitisha kidole, akasema, "Mwalimu, huu ni mchi. Tena umerushwa na mtu wa mkono wa kushoto." Mkewe mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akahamisha pochi kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Tulicheka mpaka Yu Pinah akaja kuuliza kuna nini.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo nyote mnalijua nusu.

Chombo ambacho mtu amekufa juu yake Pak Kasiyat hakipokei hivi hivi. Huwauliza wafiwa neno moja: marehemu alizaliwa siku gani, kwa siku ya wiki na kwa siku ya soko? Siku saba za wiki zinazunguka, tano za soko zinazunguka, na zinakutana vile vile kila baada ya siku thelathini na tano. Hiyo ndiyo siku ya mtu, akiwa hai au maiti. Pak Kasiyat huisubiri ifike. Siku hiyo hali wali wala hanywi kahawa mpaka amalize, na kwa mtu wa bilauri tano hilo ni jambo zito. Anaingia, anafunga mlango, na kibonyeo kinatoka pamoja na marehemu mwenyewe. Siku ikikosewa, bati litanyooka, lakini mwenyewe bado yupo, na kibonyeo kitarudi.

Nimewaona wafiwa wakitoka mle chumbani wameshika tangi lililonyooka, nyuso zao zimelegea kama za watu waliotua mzigo. Mzee mmoja wa Wlingi alituambia mwanawe alikuwa akibisha dirishani kila siku yake tangu ajali. Baada ya kazi ya Pak Kasiyat hakubisha tena. Mzee alilia, halafu akauliza kama anaweza kupata risiti.

Miaka thelathini na minane, na tangi moja tu lilimshinda. Langu.

Mume wangu aliitwa Suprayitno, Mas Prayit kwetu sote. Alifariki Oktoba 2007. Lori la miwa lilifunga breki ghafla mbele yake. Pikipiki ikasimama, yeye hakusimama. Kabla hajaruka, goti lake la kushoto lilipiga tangi na kuacha shimo la ukubwa wa bakuli la mchuzi. Tangi lenyewe ni jekundu, la pikipiki ya zamani aliyokuwa anaifuta kila Ijumaa kwa fulana yake. Fulana, nasema, siyo tambara. Tuligombana sana juu ya hizo fulana.

Nilitaka kuiuza pikipiki. Nani atanunua yenye shimo la goti? Ndiyo nikaja Sumber Waluyo. Pak Kasiyat akaniuliza siku ya marehemu. Nikafungua cheti cha kuzaliwa, tukahesabu: Jumanne Legi, yaani Jumanne iliyokutana na siku ya soko ya Legi. Tukaisubiri. Jumanne Legi ilipofika aliingia asubuhi, akatoka adhuhuri, akanikabidhi tangi. Nilipitisha kiganja nikakosa hata kovu. Nikamshukuru, nikalibeba nyumbani, nikaliweka juu ya meza ya kulia chakula.

Jua likazama. Ngoma ya msikitini ikapigwa kwa magharibi. Nilikuwa nimeinama nachukua udhu, nikasikia nyuma yangu: tok. Mlio mdogo tu, wa ukucha juu ya kibuyu kitupu. Nikageuka. Shimo lilikuwa limerudi, upande wa kushoto, pale pale.

Nilipaswa kupiga kelele. Jirani yangu ana masikio, angekuja. Badala yake nilitia kiganja mle shimoni, na shimo lilikuwa na joto. Tangi lilikuwa ndani ya nyumba, jua limekwisha zama, hapakuwa na moto karibu. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Kisha nikasikia harufu ya sigara za karafuu, zile alizokuwa anavuta akiniambia ameacha. Nikavuta kiti nikakaa. Joto lile lilidumu usiku na mchana wote wa kesho yake, mpaka jua la Jumatano lilipozama, likapoa kidogo kidogo, likawa bati.

Siku ya tatu nilirudi karakana. Pak Kasiyat akaliona, rangi ikamtoka usoni. "Limerudi lini, Mbak?"

"Leo asubuhi, Pak," nikasema.

Mungu anisamehe, sijui hata uongo ule ulitoka wapi. Ulitoka kabla sijaufikiria. Ningesema kweli, kwamba lilirudi Jumanne ile ile jua lilipozama, fundi wa namna ile angeng'amua siku hiyo hiyo. Lakini alinisadiki. Akakaa chini kwenye saruji, akaangalia mikono yake huku na huku. "Basi ni mimi," akasema. "Mkono wangu ulitetereka mahali. Tuisubiri siku yake tena."

Tukaisubiri. Jumanne Legi ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara aliacha kahawa, kila mara tangi lilinyooka, kila mara nililipeleka nyumbani, na kila mara magharibi ilipoingia: tok. Kila mara nikarudi baada ya siku tatu na uso wa kusikitika. Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo mara kumi. Ndipo Bu Romlah akaniita, "Wewe Win, unaonekana hapa kuliko mafundi wangu ninaowalipa. Kaa basi hapo mezani upokee simu." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wengi wenu mlidhani nilileta barua ya maombi.

Mpaka hapo ningeweza kujitetea kuwa sikujua. Lakini Julai 2010 tulifanya hitima ya kutimiza siku elfu tangu Mas Prayit afariki. Mimi na mama mkwe wangu, Mbah Sarinten, tulikuwa jikoni tunafunga wali kwenye majani ya mgomba. Akaanza kusimulia, bila kuulizwa, kama wanavyofanya wazee mikono ikiwa na kazi. "Prayit alinitesa huyu. Uchungu ulinishika Jumanne mchana. Ngoma ya magharibi ikapigwa, watu wakaswali, wakarudi, wakala, ndipo bwana mkubwa akaamua kutoka. Karani wa serikali akaandika Jumanne. Yeye anajua nini, anahesabu siku kwa saa ya ukutani!"

Nikaacha kufunga. Siku inaanza jua likizama. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo. Aliyezaliwa Jumanne baada ya magharibi amezaliwa Jumatano. Mas Prayit hakuwa wa Jumanne Legi hata kidogo. Alikuwa wa Jumatano Pahing, maana siku ya soko inayofuata Legi ni Pahing. Mimi na cheti changu tulikuwa tunampeleka Pak Kasiyat kazini siku moja kabla, na mwenyewe alikuwa anafika jioni, siku yake ikiingia, anakuta goti lake limeondolewa, analirudisha.

Mbah Sarinten akaniuliza, "Mbona umeacha kufunga wali?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni.

Ningeweza kuja kesho yake. Karakana si mbali, baiskeli dakika ishirini. Sikuja. Nilijua sasa, kwa hakika, kwamba siku Pak Kasiyat atakapolishika tangi hilo Jumatano Pahing, shimo litaondoka na joto litaondoka nalo, na meza yangu itakuwa meza tu. Nilikuwa na miaka thelathini. Nilimpenda mume wangu. Kila baada ya siku thelathini na tano nilikuwa naye usiku mmoja na mchana mmoja, nimelipakata tangi, kiganja ndani ya shimo, namweleza nani kaoa, nani kafa, bei ya pilipili imefika wapi. Msinihukumu upesi. Au nihukumuni, lakini mkimaliza kusikiliza.

Maana gharama hakuwa anailipa Winarsih. Alikuwa anailipa Pak Kasiyat.

Aliendelea kujaribu, mara mbili kwa mwaka, halafu mara moja. Mwaka 2016 akaacha kabisa kupokea vyombo vya marehemu. Mama mmoja alikuja kutoka Tulungagung na tangi la mwanawe limefungwa kwa khanga, amepanda magari matatu. Pak Kasiyat alimwambia, "Mama, nisamehe. Mkono wangu hauaminiki." Mimi ndiye niliyemsindikiza mama yule hadi getini. Aliniuliza kama namjua fundi mwingine. Nikasema simjui. Sijui tangi lile liko wapi leo, wala mtoto wake.

Alitakiwa kustaafu akiwa na miaka hamsini na sita. Bu Romlah alikwisha agiza na mbuzi. Pak Kasiyat akakataa: "Siondoki na kazi ya mtu haijaisha." Mwaka juzi akakataa tena. Nyie mlimtania kwamba anaogopa kukaa nyumbani na shemeji kumi na wawili. Nami nilicheka nanyi, kwa sauti kuliko wote.

Novemba iliyopita aliniomba nimletee tangi. Alilijaza maji, akalisikiliza muda mrefu sana. Kisha akasema, "Bati limechoka, Mbak Win. Limebakiza kunyooshwa mara moja. Nikikosea tena litapasuka." Akalifunika, akaniambia nilirudishe nyumbani. Wiki ile ile akaenda kwa Bu Romlah akatia sahihi barua ya kustaafu. Alitia sahihi haraka, kama mtu anayekubali kosa.

Bado ningenyamaza. Najijua. Ila ikaja Idi.

Desturi inajulikana: mdogo ndiye humwendea mkubwa, akainama, akaomba radhi ya yote ya mwaka mzima, yaliyoonekana na yaliyofichwa. Nilikuwa navaa niende kwake, nikasikia hodi. Pak Kasiyat na mkewe mlangoni, amevaa shati lake la batiki la harusi za watu. Na kabla sijamkaribisha, mzee huyu, anayenizidi miaka kumi na mitano, akainama mbele yangu mpaka nikaona utosi wake. "Mbak Win, nisamehe la nje na la moyoni. Kazi yako imenishinda. Mas Prayit hajapumzika kwa sababu ya mkono wangu, nami naondoka nikimwacha hivyo."

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu kama tunavyojibu wote. "Ah, Pak, hamna neno, mimi pia unisamehe." Nikamletea biskuti za nanasi. Alikula mbili, akazisifu.

Walipoondoka nilikwenda nikasimama mbele ya ile meza. Niliona aibu. Nikatoa kalenda, nikahesabu. Jumatano Pahing inayofuata ilikuwa tarehe 30 Aprili, siku yake ya mwisho kazini. Nikaenda kwa Bu Romlah, nikamwomba sherehe iwe leo Jumanne jioni, na karatasi hii isomwe saa kumi na moja. Alidhani ni kwa sababu ya mvua.

Pak Kasiyat, sasa naongea na wewe. Samahani, najua wasifu hauandikwi hivi.

Mkono wako haukutetereka. Haukutetereka mara ya kwanza wala mara yoyote. Siku niliyokupa ilikuwa ya uongo. Mwanzo kwa kutojua, kisha kwa kujua, miaka karibu kumi na mitano. Nilipaka puti juu ya kosa langu na wewe ukalibeba ukidhani ni lako. Kila fundi humu ndani, kila mteja aliyenong'ona kwamba mzee amekwisha, asikie leo kwa sauti ya msomaji: fundi alikuwa mzima, mwenye tangi ndiye aliyemdanganya. Sikuombi radhi ya Idi. Idi imepita. Naomba ile ngumu, utakapokuwa tayari, na usipokuwa tayari nitaelewa.

Kile kilichofunikwa kitambaa cheupe mezani, kando ya mlima wa wali, wengi mmekuwa mkidhani ni keki. Siyo. Fundi yeyote aliye karibu akifunue. Ndilo lenyewe, na shimo lake.

Msikitini watapiga ngoma saa kumi na moja na nusu hivi. Ikipigwa, Pak, Jumatano Pahing itakuwa imeingia. Sogea, tia kiganja mle shimoni. Hukuwahi kulishika siku yake, maana siku yake nilikuwa nakaa nalo mimi. Utajua mwenyewe; mimi sitasema kitu. Na wengine mkisikia harufu ya karafuu msianze kukimbia, hasa wewe uliye karibu na mchuzi.

Najua utauliza kuhusu kahawa. Kama Yu Pinah ametimiza ahadi, leo tangu asubuhi amekwambia imekwisha, na ndiyo maana umeshinda umenuna. Najua utauliza kuhusu wali. Ndiyo maana chakula kimechelewa, na wenye njaa waninunie mimi. Na ukisema umeshastaafu, soma barua yako: hadi kesho jioni wewe ni mwajiriwa. Vyuma vyako kumi na viwili nimevipaka mafuta, viko mezani kwako kwa mpangilio, shemeji mkubwa kushoto. Bati limebakiza mara moja, ulisema. Mara moja inatosha.

Naomba kitu kimoja. Kabla hujaingia nalo, niachie nami nitie mkono. Dakika moja tu, sitazidisha. Kisha chukua tangi, ingia, na mlango nitaufunga mimi mwenyewe, kwa nje. Sitachungulia. Nyundo zikianza kulia kila mtu aendelee kukaa alipo, hata kama Pak Kasiyat mtamwona amesimama getini.

Kwa niaba ya Bu Romlah, mafundi wote wa Sumber Waluyo, Yu Pinah, na yule sajini wa Srengat ambaye nimearifiwa yuko nje ya geti na kikapu chake: Pak Kasiyat, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minane, kwa kila bati ulilolirudisha kwenye umbo lake na kila mfiwa uliyemtua mzigo. Nenda ukafuge kambare wako, uwatie adabu wajukuu, unywe kahawa yako saa yoyote unayotaka. Tunakutakia maisha mema, marefu, na mikono mitulivu.

Nawe, Mas Prayit, utakayefika jua likizama. Miaka kumi na minane umerudi nyumbani kila siku yako, hukukosa hata moja, na mimi ndiye niliyekuzuia. Maisha siwezi kukutakia. Nakutakia safari njema.